Kolamu Ipi kwa Swali Lipi: Kutenganisha Michanganyiko ya Haidrokaboni

Bomba la mafuta linalotoka Mombasa hupandisha petroli, dizeli na mafuta ya taa hadi Nakuru, Eldoret na Kisumu kwa njia ile ile. Shehena moja hufuata nyingine, zikisukumana, na pale zinapogusana huchanganyika kidogo. Aliye kwenye bohari upande wa pili lazima ajue mpaka uko wapi: petroli imekoma lini, dizeli imeanza lini, na kile cha katikati kina nini ndani yake. Kwa kazi ya kila siku kipimo cha msongamano wa mafuta kinamtosha. Ila swali likizidi ugumu, kwa mfano kama petroli ya kituo fulani imechakachuliwa kwa mafuta ya taa, au benzini iliyomo ni asilimia ngapi, sampuli hupelekwa maabara kwenye mashine ya kromatografia ya gesi, inayotenganisha viambato vya mchanganyiko. Huko kuna uamuzi ambao watu wengi huufanya haraka mno: kolamu ipi, yaani mrija upi wa kutenganishia, ifungwe ndani ya oveni ya mashine.

Fundi wa maabara mara nyingi huikuta kolamu imeshafungwa na aliyemtangulia, akaendelea nayo. Ikifika siku ya kuagiza nyingine, huagiza iliyo ndefu kuliko zote kwenye katalogi, akiamini kwamba mchanganyiko mgumu unadai kolamu kubwa. Mimi naliona jambo hili kwa namna nyingine kabisa. Kolamu huchaguliwa na swali. Ukijua ni vitu gani viwili ambavyo lazima viachane ili jibu lako liwe la kweli, umeshavuka nusu ya safari. Usipovijua, hata mita 100 za kolamu hazitakuokoa.

Tuone kwanza mashine inafanya nini. Kolamu ya siku hizi ni mrija mwembamba wa silika, kipenyo chake cha ndani robo milimita au zaidi kidogo, urefu mara nyingi kuanzia mita 10 hadi 100, umeviringishwa ili uenee ndani ya oveni. Ukuta wake wa ndani umepakwa utando wa polima ambao kwa kawaida haufiki hata mikromita moja. Sampuli hudungwa kwa sindano, ikageuka mvuke, kisha gesi kama heliamu au haidrojeni huusukuma mvuke huo kupitia mrija. Kila molekuli hugawa muda wake kati ya gesi inayokwenda na utando usiokwenda. Ni kama watu wanaoingia soko la Kibuye, Kisumu, kwa mlango mmoja: asiye na cha kununua hutokea upande wa pili mapema, na anayesimama kila kibanda huchelewa. Mwishoni kigunduzi huchora mstari unaopanda na kushuka kila kiambato kinapotoka. Mpando huo ndio kilele. Muda wake hukuelekeza ni kitu gani, na ukubwa wake ni kiasi gani.

Njia hii ilionyeshwa Uingereza mwaka 1952 na A. T. James na A. J. P. Martin. Marcel Golay aliyekuwa Marekani ndiye aliyeleta, mwishoni mwa miaka ya 1950, wazo la mrija mwembamba mtupu wenye utando ukutani badala ya mrija mnene uliojazwa chembechembe. Bila wazo hilo mafuta ya petroli yangebaki fumbo.

Fumbo lenyewe ni la hesabu. Oktani, yenye kaboni 8 na haidrojeni 18, inaweza kupangwa kwa maumbo 18 tofauti. Dekani, yenye kaboni 10, ina maumbo 75. Ukifika kaboni 20 maumbo yanayowezekana ni 366,319. Hizo ni alkani peke yake, yaani haidrokaboni (molekuli za kaboni na haidrojeni tu) zisizo na pete wala vifungo viwili; hujaongeza alkeni, haidrokaboni za pete, wala aromatiki kama benzini na toluini. Petroli hubeba kaboni 4 hadi 12 hivi, na ndani yake mna viambato mamia. Dizeli huanza kama kaboni 10 na kwenda mpaka 20 na ushei, na humo hakuna anayehesabu kimoja kimoja.

Je, kolamu nzuri kupita zote inaweza kuvitenga vyote? Mwaka 1983 wanakemia Davis na Giddings walilijibu swali hili kwa hesabu za uwezekano, na jibu lao ningependa libandikwe ukutani kila maabara. Chukua kolamu yenye nafasi ya kutosha vilele 1,000 vilivyopangwa kwa utaratibu. Ipe viambato 300 vinavyotoka kwa nyakati za kubahatisha. Ungedhani nafasi imebaki tele. Kumbe utaona vilele 222 hivi tu, na kati ya hivyo takriban 165 ndivyo vitakavyokuwa na kiambato kimoja peke yake. Vingine vyote ni viwili au vitatu vilivyopandana, navyo kwa macho huonekana safi. Ndiyo maana nasema ujue mapema ni kilele kipi unachokitegemea, na jirani yake ni nani.

Urefu wenyewe nao hulipa kidogo kuliko tunavyotarajia. Utengano kati ya vilele viwili hukua kwa kipeuo cha pili cha urefu. Ukiongeza kolamu kutoka mita 30 hadi 60, utengano unazidishwa kwa 1.4 tu, huku muda wa kusubiri na bei ya kolamu vikikaribia kuwa maradufu. Sasa linganisha na kubadilisha aina ya utando. Kama viambato viwili vinatofautiana kwa asilimia 1 katika namna vinavyoshikwa na utando, na utando mwingine ukaifanya tofauti hiyo asilimia 2, utengano unakuwa karibu mara mbili papo hapo, bila kuongeza hata mita moja. Anayetafuta kutenganisha jozi inayong'ang'aniana aanze na utando, kisha kipenyo na unene wa utando, na urefu auache mwisho.

Utando unaotumika zaidi kwa haidrokaboni ni polisiloksani ya methili (polima ya silikoni, ambayo hapa naiita methili kwa kifupi), ama tupu, ama yenye asilimia 5 ya fenili, kikundi chenye pete ya benzini. Hauna upendeleo mkubwa, kwa hiyo viambato hutoka takriban kwa mfuatano wa viwango vyao vya kuchemka. Chepesi hutangulia, kizito hufuata. Kwa maswali mengi ya kwetu unatosha kabisa.

Tuchukue lile la uchakachuaji. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko petroli na dizeli, na tofauti hiyo iliwavutia wachanganyaji, hata mwaka 2018 Serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuupunguza mwanya. Weka petroli safi kwenye kolamu ya methili ya mita 30, kipenyo milimita 0.25, utando mikromita 0.25, upandishe oveni kutoka nyuzijoto 40 hadi 280. Kushoto mwa karatasi vilele vinasongamana: pentani, heksani na ndugu zao wenye matawi, kisha toluini ikiwa imesimama juu, kisha zailini, kisha kundi la aromatiki zenye kaboni 9. Baada ya hapo mstari unateremka, naftalini hujitokeza kidogo, na upande wa kulia unabaki karibu mtupu, kwa sababu petroli huishia kuchemka kwenye nyuzijoto 210 na kitu.

Ongeza mafuta ya taa kwenye sampuli hiyo hiyo, urudie. Upande wa kulia uliokuwa mtupu sasa una vilele vilivyonyooka, vimepishana kwa nafasi karibu sawa: undekani, dodekani, tridekani, tetradekani. Tridekani huchemka kwenye nyuzijoto 235 na tetradekani 254. Petroli safi haina shughuli nazo. Hapa hata kolamu ya mita 15 ingekupa jibu, na ingekupa kwa muda mfupi zaidi, kwa sababu jozi ngumu haipo: unachokitafuta kiko mahali ambapo hakuna jirani.

Swali likigeuka kuwa mafuta ya taa ndani ya dizeli, mambo hubadilika kabisa. Viambato vya mafuta ya taa vyote tayari vimo kwenye dizeli. Hakuna kilele kipya kitakachojitokeza hata ununue kolamu ya bei gani. Kinachobadilika ni umbo la mrundiko mzima: sehemu nyepesi inanenepa, sehemu nzito inapungua. Kwa hiyo unatafuta kolamu inayopima umbo hilo kwa uaminifu, nayo ni fupi na pana, kama mita 10 kwa milimita 0.53, inayotumika katika ukenekaji wa kuigiza (kuiga kwa mashine jinsi mafuta yanavyochemka hatua kwa hatua), ile njia ya kiwango cha D2887 cha ASTM, shirika la viwango la Marekani, inayofika kiwango cha kuchemka cha nyuzijoto 538. Kwa makusudi hutengi kila kitu. Unataka kujua asilimia 10 ya kwanza imechemkia wapi, asilimia 50 wapi, asilimia 90 wapi, kisha unalinganisha na dizeli unayoijua. Wanaozoea kuamini kwamba vilele vingi ndiyo maabara bora hulikubali hili kwa shida, lakini ndivyo kazi ilivyo.

Benzini ni habari nyingine. Ni sumu inayosababisha saratani ya damu, hivyo kiasi chake kwenye petroli lazima kijulikane kwa uhakika. Benzini huchemka kwenye nyuzijoto 80.1 na saikloheksani 80.7. Utando wa methili unaotegemea kiwango cha kuchemka huziweka karibu karibu, na katikati ya petroli halisi yupo jirani mbaya zaidi aitwaye methilisaiklopenteni, ambaye hupenda kukalia kilele cha benzini chenyewe. Usipomtenga, utaripoti benzini nyingi kuliko iliyomo, na mwenye kituo atahukumiwa kwa kosa la kolamu.

Hapo ndipo utando wa polari, wenye molekuli ambazo chaji zake hazikugawanyika sawa, unapohitajika. Polithilini glaikoli hushika aromatiki kwa nguvu zaidi kuliko alkani, kwa sababu elektroni za pete ya benzini huyumbishwa kwa urahisi na chaji za utando huo. Benzini inabaki nyuma wakati alkani zinazochemka nayo zimeshaondoka zamani. Utando huu pia huzitenga zailini mbili, ile ya para na ile ya meta, ambazo kwenye methili hutoka pamoja kama kitu kimoja kwa kuwa tofauti ya kuchemka kwao haifiki hata nyuzijoto moja.

Lakini swali likibadilika, hata kolamu hii nzuri hugeuka mtego. Katika miaka ya 1980 ithanoli iliyotokana na molasi ya Muhoroni ilichanganywa kwenye petroli iliyouzwa Kenya, na mazungumzo ya kurudisha mchanganyiko huo hayajawahi kuisha. Kwenye polithilini glaikoli, ithanoli hutoka karibu kabisa na benzini. Kolamu iliyokuwa ikipima benzini vizuri kwenye petroli tupu inaanza kudanganya mara petroli ikiwa na ithanoli, na hakuna taa nyekundu itakayowaka. Dawa ya kawaida ni kuunganisha kolamu mbili kwa vali: ya kwanza ya polari kupindukia, ya siano (kikundi cha kaboni na naitrojeni), inazuia ithanoli na kuziachia haidrokaboni nyepesi zipite nje, kisha vali inageuka na kilichozuiwa kinapelekwa kwenye kolamu ya methili kitengwe kwa utulivu. Kiwango cha ASTM D4815 kinafuata mpango huo.

Gesi ya kupikia haitaki kolamu yoyote kati ya hizo. Propani, butani na propeni hupita kwenye utando mwembamba kana kwamba haupo. Hapa hutumika kolamu ambayo ukuta wake umepakwa chembe za alumina zilizotulizwa kwa chumvi, na alumina hutofautisha alkani na alkeni zenye kaboni 1 hadi 6 vizuri sana. Adui yake ni maji. Kwa hewa nzito ya Kisumu, unyevu ukiingia kupitia gesi isiyokaushwa au sampuli yenyewe, alumina hunywa maji, nguvu yake ya kushika hupungua na vilele vyote husogea mbele siku baada ya siku. Fundi asiyejua hudhani mashine imeharibika. Suluhisho ni kichujio cha kukausha gesi, na kuipasha kolamu kwenye nyuzijoto 200 usiku kucha, wala si zaidi ya hapo.

Sasa ile kolamu ya mita 100. Ipo, na ina kazi yake: kuchambua petroli kiambato kwa kiambato, jinsi viwango vya ASTM D6729 na D6730 vinavyoelekeza. Ni ya methili, milimita 0.25, utando mikromita 0.5, na sampuli moja huchukua zaidi ya saa mbili. Jambo ambalo katalogi haikuambii kwa herufi kubwa ni kwamba viwango hivyo huanza oveni ikiwa kwenye nyuzijoto 0 au 5, ili butani na pentani zisitoke zikiwa zimefungamana. Oveni isiyo na kipoozi haiwezi kushuka chini ya joto la chumba. Hubaki nyuzi kadhaa juu yake. Chumba cha maabara Kisumu mchana kinaweza kuwa nyuzijoto 28. Kwa hiyo kabla ya kuagiza kolamu hiyo, uliza naitrojeni ya kimiminika au kaboni dayoksaidi utaipata wapi, kila wiki, kwa bei gani. Kama haipatikani, utaanzia nyuzijoto 40, na mwanzo wa kromatogramu, yaani ule mchoro wa vilele, pale hasa kolamu hiyo ilipostahili kung'aa, patakuwa msongamano.

D6730 ina ufundi mmoja ninaoupenda. Mbele ya zile mita 100 huunganishwa kipande kifupi cha kolamu ya asilimia 5 fenili, mita moja hadi nne. Fundi huendesha mchanganyiko wa majaribio, huangalia jozi ngumu kadhaa, benzini na methilisaiklopenteni ikiwa mojawapo, kisha hukata kipande hicho sentimita chache chache na kurudia mpaka jozi zote ziachane. Kila mkato hufanywa kwa kigae cha kauri: unauchora mrija mara moja kwa wepesi, unaukunja kidogo, unakatika wenyewe. Kisha unautazama kwa kioo cha kukuza. Mdomo ukiwa na meno au vumbi la silika, unakata tena, maana meno hayo huvuruga vilele na chembe hizo huziba njia.

Mafuta ghafi ya Turkana, yaliyogunduliwa mwaka 2012 kwenye kisima cha Ngamia-1, yanatupeleka upande wa pili kabisa. Yana nta nyingi, alkani ndefu zinazoganda yakipoa, ndiyo sababu yalisafirishwa kwa matangi yenye kuhifadhi joto. Kwa alkani zenye kaboni 40 na kuendelea unahitaji utando mwembamba mno, mikromita 0.1 hivi, kolamu ya mita 5 tu, na mara nyingi mrija wa chuma badala ya silika, kwa sababu oveni itapanda kupita nyuzijoto 400 na ule mpako wa nje unaoulinda mrija wa silika huungua. Utando mnene ungezishika nta hizo zisitoke kamwe.

Nao wachambuzi wa samaki waliokaushwa kwa moshi, kazi ambayo kando ya Ziwa Viktoria ina maana kubwa kwa afya ya walaji, hutafuta haidrokaboni za pete nyingi, hasa benzopaireni. Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya mikrogramu 2 za benzopaireni ya aina a katika kilo moja ya samaki wa moshi. Wengi huamini kwamba kigunduzi cha spektromita ya masi, kinachotambua molekuli kwa uzito wake, kitafidia kolamu dhaifu. Kwa isoma, yaani molekuli zenye atomi zile zile zilizopangwa tofauti, hakifidii. Benzofluoranteni b, j na k zina uzito ule ule, na kriseni ina uzito sawa na trifenilini, kwa hiyo kolamu isipozitenga, spektromita inaona kitu kimoja. Chagua utando wenye fenili nyingi, kama asilimia 50, ambao hutofautisha maumbo ya pete.

Kuna mambo mawili ya mahali petu. La kwanza ni mwinuko. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa. Kigunduzi cha moto, kinachochoma kila kinachotoka kwenye kolamu, hutolea gesi kwenye hewa hiyo, hivyo nyakati zilizochapishwa na mtengenezaji hazitalingana na zako. Usizikariri. Tumia faharasa ya mwanakemia Kováts ya mwaka 1958, ambapo kila alkani nyoofu hupewa namba ya kaboni zake mara 100: heksani 600, heptani 700. Kiambato kinachotoka katikati yake hupata namba ya katikati, na namba hiyo haiyumbi sana kwa mwinuko. La pili ni umeme. Ukikatika oveni ikiwa moto, vali za kielektroniki hufunga gesi, na oksijeni hupenya polepole kwenye utando ambao bado una joto. Methili huvumilia kidogo. Polithilini glaikoli huharibika upesi. Betri ya akiba ni sehemu ya bei ya kolamu ya polari.

Kama maabara ina mashine moja na fedha za kolamu mbili, ningeanza na methili ya mita 30 na polithilini glaikoli ya mita 30, zote milimita 0.25. Ya kwanza hujibu uchakachuaji wa petroli, mafuta yaliyomwagika ziwani na mengi mengineyo. Ya pili hujibu benzini na zailini maadamu ithanoli haimo. Ya tatu iwe alumina ikiwa gesi ya kupikia ni sehemu ya kazi. Ile ya mita 100 ningeiagiza baada ya kipoozi kupatikana, na baada ya mtu kuandika kwenye karatasi ya maombi, kwa majina, jozi anazotaka ziachane.